Moto wa King'ora

Jumatatu, 7 Septemba 1936

Boila imewaka alfajiri kama kawaida. Mvuke umepanda vizuri. Kuni za mgunga, kavu, hazina maneno mengi. Troli zimeingia kutoka kambi ya kuni, na shemeji yangu Mhina kazisindikiza mwenyewe, shoka begani. Yeye ndiye mkubwa wa wakata kuni na hakuna anayemlazimisha kubeba shoka, ila ndivyo alivyo.

Nguzo za umeme zimefika nyuma ya kiwanda. Wamechimba shimo pale pale ninaposimama kuvuta tumbaku. Hawakuniuliza. Nimenuna tangu asubuhi na sasa ni jioni.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimekwenda Korogwe kununua unga kwa Bwana Kanji. Bei ile ile ya juu. Walipoanza kujenga mitambo ya umeme kule chini kwenye maporomoko, tuliambiwa neema imekuja. Neema gani. Mahindi ya Magoma yote yalikwenda kulisha kambi ya wajenzi, Bwana Kanji akapandisha bei ya unga. Sasa wajenzi wamemaliza kazi, wamefukuzwa, na bei haijashuka. Nilimwuliza kwa nini. Akasema bei ni kama mbuzi, kupanda ni rahisi kuliko kushuka. Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Hao vibarua waliofukuzwa wamejaa mjini. Wanagombania kukata mkonge, na wanyapara wanawachagua kama nyanya sokoni. Na umeme wenyewe unapita juu ya vichwa vyetu kwenda Tanga na kwenye viwanda vya mkonge. Nyumbani kwangu kuna kibatari.

Alhamisi, 24 Septemba

Bwana Mkubwa, meneja wetu, ameniita. Mota inakuja. Mashine za korona, zinazokamua mkonge, zitazungushwa kwa umeme. Boila itazimwa. Mimi nitabaki, kwa hisani yake: nifagie chumba cha mota na kupaka grisi.

Nilianza kuizoa boila hii majivu wakati wa Wadachi. Mwingereza akaja, akabadili bendera, boila hakuigusa. Na leo nifagie.

Nikauliza, na watu wa kuni? Akasema wakate mkonge, nafasi zipo. Kwa heshima niliangalia chini. Mkonge unakatwa na manamba, watu wanaoletwa kwa mkataba kutoka mbali, wanalala makambini na kuamshwa kwa kengele. Mzigua hakati mkonge. Mzigua ana shamba lake. Mwaka wa nzige nilikwenda kwetu Kwaluguru nikawakuta kina Mhina wanakula mizizi ya porini, na hata hapo hakuna aliyekuja kukata mkonge. Mimi ndiye niliyewaambia njooni mkate kuni, kuni si mkonge. Wakaja, wake na watoto na wazee wao, wakajenga kambini. Wako pale kwa neno langu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa nimemwambia Mhina habari zote. Hakushtuka. Akasema basi warudi Kwaluguru mapema, wafyeke, mvua za vuli ziwakute tayari. Mbegu anazo, gunia zima, limening'inia darini.

Nimemwambia asubiri. Mashine ngapi za kigeni zimeletwa hapa zikafia kwenye majani? "Usiache mbachao kwa msala upitao," nikamwambia. Akanyamaza. Mhina akinyamaza huwa anafikiri, na siku zote simpendi anapofikiri.

Akaahidi kusubiri. Ni mdogo kwangu, na nimemwoa dada yake. Asingeweza kukataa.

Jumanne, 20 Oktoba

Umeme umewashwa.

Korona imezunguka bila moshi, bila kelele ya mkanda, kama mtu anayefanya kazi usingizini. Watu wamepiga makofi. Wengine ni watu niliowahi kuwatibu mikono iliyoungua. Mwalimu wa msikitini naye alikuja kutazama, akasema subhanallah. Sikutegemea hayo kwake.

Troli za kuni zimegeuzwa getini zikiwa zimejaa. Boila imezimwa. Nimeishika ubavuni jioni, joto linaondoka taratibu. Nawachukia wote.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimefagia.

Ijumaa, 30 Oktoba

Raha tupu. Radi imepiga jana, na leo umeme haukuwako tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mkonge umelundikana, unanuka. Fundi wa umeme, kijana wa Tanga mwenye soksi ndefu, alipanda na kushuka nguzo huku anatoka jasho. Nilileta kiti nikakaa kumtazama.

Nimempelekea Mhina salamu: endeleeni kukata, hawa watatuita tu.

Mvua ya kwanza imenyesha. Kwaluguru wanapanda. Mke wangu, Mama Zaina, ameniambia nikiwa nakula: "Mwache kaka yangu akapande." Nimemwambia mambo ya kiwandani hayajui. Akaondoa bakuli la mchuzi kabla sijamaliza.

Ijumaa, 6 Novemba

Umeme haujakatika tena.

Nimekwenda stesheni ya Korogwe kuwauzia reli kuni za akina Mhina. Garimoshi linakula kuni, hilo kila mtu anajua. Wamesema wana watu wao. Nikasema kuni zetu ni kavu kuliko zao. Wakasema wataangalia, nirudi. Nimemwambia Mhina reli wanafikiria. Amesema sawa, atangoja jibu la reli. Kambini lundo la kuni limepita paa za nyumba.

Jumatatu, 16 Novemba

Mfungo umeanza. Ramadhani ya kwanza bila king'ora changu.

Tangu nipate kazi ya boila tuna utaratibu wetu. Msikiti uko kwenye kilima. Mwalimu akiona jua limezama anapandisha kitambaa cheupe, mimi naona kitambaa, navuta kamba. King'ora cha mvuke kinafika bondeni kote, kambi za manamba, kambi ya kuni, mpaka ng'ambo ya mto. Watu wanakunywa uji kwa mkono wangu. Sauti ya Mwalimu peke yake haivuki soko.

Sasa wamefunga taa kubwa juu ya paa la kiwanda. Huwashwa jioni. Watu wa bondeni wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe: taa ikiwaka, magharibi imeingia. Wamezoea kwamba ishara ya futari hutoka kiwandani, basi imetoka kiwandani. Hawakujiuliza nani anaiwasha. Anaiwasha karani wa stoo, ambaye hafungi na wala hatazami kilima.

Nimewaambia. Wamesema nina wivu na taa. Ninao.

Jumanne, 24 Novemba

Mvua kubwa. Reli wamejibu kwa kicheko. Mhina amekuja amelowa, amesimama mlangoni, akakataa hata kukaa. Ijumaa wanaondoka wote. Wamekwisha kufunga mizigo, gunia la mbegu limeshushwa. Amesema wakifika wakapanda wiki hiyo hiyo, mahindi yatawahi.

Nimesema sawa. Nimechoka kumshika. Baada ya kuondoka nilikaa nikaona nyumba za kambini zikiwa tupu, na mimi hapa na ufagio. Sikuona vibaya hivyo hata walipozima boila.

Jumatano, 25 Novemba

Wingu zito tangu alasiri. Giza likaingia stoo, na karani akataka watu wamalize kupakia singa, zile nyuzi za mkonge, kabla mvua haijazilowesha. Akawasha taa.

Bondeni kote wakafuturu. Mama Zaina aliiona taa kutoka uani, akanimiminia uji wa moto. Nilikuwa na kiu. Mimi niliyeitukana taa siku zote hizi nilikuwa nimeshusha bakuli zima pale wingu lilipopasuka na jua likachungulia upande wa Handeni, jekundu, zima, halina haraka.

Mama Zaina alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia, maana alifunga na kichwa kikimuuma.

Alhamisi, 26 Novemba

Bonde zima linadaiwa siku moja ya kulipa baada ya Idi. Asubuhi Mwalimu aliongoza watu mpaka ofisini, kanzu imejaa tope. Bwana Mkubwa alipoelezwa alicheka. Kisha akaona wapakiaji wamesimama, mafundi wamesimama, troli zimesimama, akaacha kucheka. Mwalimu alisema maneno machache tu: "Bwana, taa yako haijui jua. Turudishie king'ora."

Nikaitwa. Niwashe boila kidogo, jioni tu, kwa king'ora, mpaka Idi. Nitumie kuni zilizobaki uani. Korona hazihusiki.

Sikukimbia, lakini ilibaki kidogo. Nimesafisha, nimejaza maji, nimewasha. Moshi ukapanda mweusi, ukanyooka, mtu angeuona toka mbali. Kitambaa kikapanda kilimani. Nikavuta. Bondeni watoto wakaitikia kwa kelele. Nimelia. Moshi, nimewaambia.

Ijumaa, 27 Novemba

Mhina amekuja alfajiri. Hakuja na mzigo wa safari. Amekuja na shoka.

Wameuona moshi kambini. Usiku hawakulala kwa furaha, wanawake wameanza kufungua mizigo. Alisimama mbele yangu akihema. "Mlamu, moto umerudi?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema ni wa king'ora tu. Nilimwangalia usoni. Nikasema, "Umerudi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Nimejiambia kutwa kwamba sikusema uongo, moto umerudi kweli. Ukishahitaji kujiambia jambo kutwa nzima, hilo jambo lina walakini. Lakini hawaondoki.

Alhamisi, 3 Desemba

Wanakata tangu kuche, na saumu midomoni. Nasikia mashoka nikiwa nafagia. Troli haziendi kuchukua. Mhina ameuliza mara mbili. Nimesema baada ya Idi, Wazungu wana mambo yao ya sikukuu, subira. Ngoja ngoja huumiza matumbo, kasema mzee mmoja kambini, tena kwa sauti ili nisikie. Nimemjibu vibaya, mtu mzima kama yule.

Mama Zaina aliniuliza swali moja tu: "Korona inazungushwa na nini?" Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka.

Waliopita kutoka Kwaluguru wanasema mahindi ya watu yamefika magotini.

Alhamisi, 10 Desemba

Nimekwenda kwa Bwana Mkubwa bila kuitwa. Nimeomba korona moja, hata ile kuukuu, izungushwe kwa boila, kwa majaribio. Nimesema umeme ukikatika tena atashukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema boila imekwisha kuuzwa kwa shamba la mbali ambako nyaya hazifiki. Inapakiwa garimoshi baada ya Idi. Na kambi ya kuni itabomolewa, mahali pale papandwe mkonge. Watakaojiandikisha kukata mkonge watapewa vyumba kambi ya manamba.

Nawachukia waliojenga ile mitambo. Namchukia karani na taa yake. Namchukia kijana wa soksi ndefu, ambaye hajanikosea kitu na jana alinigawia tende. Nimetoka ofisini nimepita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu wa kwetu.

Sijamwambia Mhina.

Jumatatu, 14 Desemba

Mwezi umeonekana. Nimevuta kamba nikaishikilia mpaka mvuke ukaisha wenyewe, king'ora kikashuka, kikawa kama ng'ombe, kisha kama mtu anayepumua. Bondeni walidhani ni furaha ya Idi. Wakapiga ngoma.

Jumanne, 15 Desemba

Idi. Tumealikwa kambini kwa Mhina. Ugali mweupe, kuku wawili, maharage ya nazi. Watoto wamepakwa mafuta. Mhina alinikalisha mkekani kando yake, akanichagulia nyama kwa mkono wake, akawaambia watu kwamba bila mimi wangekuwa porini wananyeshewa. Wakaniombea dua. Nilikula. Ningefanya nini?

Njiani kurudi Mama Zaina amevunja kimya chake. Aliniambia wamekuwa wakila nini tangu siku waliyofungua mizigo, kwa kuwa kuni hazikununuliwa na kwa Bwana Kanji hawakopeshwi tena. Unga wa leo ulikuwa wa mwisho wa lile gunia. Mbegu.

Jumamosi, 19 Desemba

Boila imetolewa leo kwa minyororo. Walibomoa ukuta. Watu wote wa kuni walikuja kutazama, na hapakuwa na uongo uliobaki wa kuwaambia.

Nilimwita Mhina pembeni nikamweleza lote, boila kuuzwa, kambi kubomolewa, vyumba vya manamba. Nilimweleza haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nilitaka anipige. Kwa kweli nilikaa vizuri ili anipige.

Aliuliza jambo moja. "Siku ile uliponiambia umerudi, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua.

Nikamwambia warudi Kwaluguru hata sasa, nitawatafutia chakula. Akasema wapande nini, na wale nini mpaka masika? Ardhi ipo, alisema, ardhi haijaenda popote. Kisha akatazama mawingu, akaniambia nirudi nyumbani, mvua inakuja na mimi nina kifua.

Angenipiga ningelala.

Jumatatu, 28 Desemba

Wamejiandikisha. Wote, isipokuwa wazee wawili walioondoka kwa miguu kurudi Kwaluguru bila kuaga. Nyapara amewauliza majina kama hawajui, na ni mtu aliyekuwa akila kwao.

Kambi imebomolewa adhuhuri. Kuni zao, lundo zima, Bwana Mkubwa amesema ziachwe pale ziliwe na mchwa, kusomba ni hasara.

Mama Zaina amehamia chumba cha watoto. Sikumuuliza.

Jumatano, 6 Januari 1937

Asubuhi baridi kidogo, ukungu toka milima ya Vugiri. Nimefagia chumba cha mota, nimefungua mlango ili vumbi litoke.

Wakata mkonge walikuwa wanapita kwenda shambani, mstari mrefu. Mhina alikuwa katikati, kisu cha mkonge mkononi, nguo zile za manamba zinambana mabegani. Nilitoka nikasimama barabarani. Nikaanza mimi kumwamkia, ingawa ni mdogo kwangu. Aliitikia vizuri, akaniuliza hali ya dada yake, lakini hakusimama, kwa sababu nyapara haruhusu kusimama.

Nimerudi ndani. Nimepaka grisi.